Uvuvi wa Nzi Bandia: Kwa Nini Mtu Amvue Samaki Kisha Amrudishe Mtoni?

Tuanze na fumbo. Kuna watu wanaolipia kibali, wanaamka kabla ya jua, wanapanda hadi kwenye mito ya baridi ya Aberdare au Mlima Kenya, wanaingia majini hadi magotini na kurusha mshipi siku nzima. Wakibahatika kumpata samaki, wanamtazama kidogo kisha wanamwachia aende zake. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini huyu mvumilivu mara nyingi hali chochote. Sasa raha iko wapi?

Jibu fupi: raha iko kwenye kulitatua tatizo. Mvuvi huyu anacheza na fizikia, na macho ya samaki, na maisha ya wadudu, vyote kwa mpigo, na mto unamsahihisha papo hapo. Hebu tuchambue kimoja kimoja.

Kurusha kitu kisicho na uzito

Katika uvuvi wa kawaida wa ndoana unafunga chubwi, kile kipande cha risasi, unarusha, na uzito wake unauvuta mshipi. Katika uvuvi huu chambo ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Uzito wake haufiki hata gramu moja. Jaribu kurusha unyoya uone utafika wapi!

Ujanja ni kwamba kinachorushwa si chambo, ni mshipi wenyewe. Mshipi wa uvuvi huu ni mnene na mzito kwa makusudi. Kwa mfano, mshipi namba 5, unaotumika sana kwa samaki wa mtoni, una uzito wa gramu 9 hivi katika mita 9 za mwanzo. Mvuvi anaurusha nyuma, anatulia kidogo hadi unyooke hewani, kisha anausukuma mbele. Mshipi ulionyooka nyuma unaukunja ufito kama upinde, na ufito ukisimamishwa ghafla, mshipi unatangulia mbele na kufanya kitanzi.

Hapo ndipo penye uhondo. Upande wa chini wa kitanzi umeshikwa na ufito, haujongei. Upande wa juu bado unakwenda, na kila nukta inayopita sehemu inayokwenda inazidi kuwa fupi. Nishati iliyogawanyika kwenye mshipi mrefu sasa inabebwa na kipande kidogo, ndiyo maana ncha inaendelea kukimbia hata baada ya mkono kusimama. Ni kanuni ileile inayoufanya mjeledi ulie. Tofauti ni kwamba hapa hewa inapunguza kasi, na ukirusha vizuri nzi bandia anatua majini taratibu kama mdudu aliyechoka.

Kosa la kila anayeanza ni kutumia nguvu. Ukiharakisha kabla mshipi haujanyooka nyuma, ufito haupati kitu cha kuukunja, na kila kitu kinakuangukia kichwani. Yaani kazi kubwa ni kujua lini usifanye kitu.

Dirisha la samaki

Tuseme umerusha vizuri. Je, samaki amekuona?

Mwanga hupinda unapotoka hewani kuingia majini. Matokeo yake, samaki akitazama juu haoni dunia yote ya nje kila mahali. Anaiona imebanwa ndani ya duara moja juu ya kichwa chake, lenye upana wa nyuzi 97 hivi. Nje ya duara hilo, uso wa maji unakuwa kama kioo kinachoakisi sehemu ya chini ya mto. Wanasayansi huliita dirisha la Snell, kwa jina la Willebrord Snell, Mholanzi aliyechunguza jinsi mwanga unavyopinda.

Fanya hesabu ndogo: samaki aliye mita 1 chini ya maji anaona nje kupitia duara la upana wa takriban mita 2.3. Akipanda juu, duara linapungua. Vitu vilivyo chini karibu na usawa wa maji vinaonekana vimebanwa sana kwenye ukingo wa duara hilo, kwa hiyo mvuvi anayechuchumaa haonekani kirahisi kama aliyesimama wima. Ongeza hapo kwamba samaki wa mtoni hukabili mkondo ili chakula kimletee, na utaelewa kwa nini mvuvi mzoefu huja kutoka upande maji yanakoelekea, ameinama, polepole. Ukimwona hivyo usidhani amepoteza kitu. Anakaa nje ya dirisha.

Elimu iko chini ya jiwe

Sasa swali gumu: uige mdudu gani? Geuza jiwe kwenye mto msafi na utaona vijidudu bapa vikikimbia. Wengi ni watoto wa wadudu wa kundi la Efemeroptera. Huishi majini wiki au miezi, kisha hupanda juu, huvua ngozi na kupata mabawa. Wakishakuwa wakubwa hawali kabisa, midomo yao haifanyi kazi. Wana saa chache, au siku chache, za kujamiiana, kutaga na kufa. Majirani zao ni Trikoptera, ambao wengi wao wakiwa wachanga hujijengea vijumba vya mchanga na vijiti.

Wadudu hawa wakitoka kwa wingi, samaki anaweza kung'ang'ania aina moja tu na kupuuza vingine vyote. Mvuvi hutazama umbo, ukubwa, na zaidi ya yote mwendo. Mdudu halisi huelea kwa kasi ya maji yanayombeba. Mshipi ukivutwa na mkondo wa katikati unaokwenda mbio, nzi bandia anaanza kuburuzwa kama mtumbwi wenye injini, na samaki anageuka zake. Wazo hili ni la kale sana: mwandishi wa Kirumi Aelian, yapata miaka 1,800 iliyopita, alieleza jinsi Wamakedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya kwenye ndoana ili kuiga mdudu wa mtoni.

Na ubongo je?

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alieleza hali ya mtu kuzama katika jambo hadi akasahau saa. Hutokea pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wako, lengo liko wazi, na matokeo unayaona mara moja. Uvuvi huu una vyote vitatu. Kila mrusho ni jaribio dogo, na jibu linakuja ndani ya sekunde kadhaa. Tena B. F. Skinner alionyesha zamani kwamba zawadi isiyotabirika hushikilia tabia kuliko ile inayokuja kila mara. "Narusha mara moja tu, halafu tuondoke" haijawahi kumaanisha mara moja.

Mgeni anayetaka baridi

Samaki anayewindwa zaidi hivi Kenya ni trauti, naye si mwenyeji. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, kwa ajili ya Mto Gura huko Aberdare. Mwaka 1910 trauti wa upinde wa mvua wakaletwa kutoka Afrika Kusini, ingawa asili yao ni upande wa Pasifiki wa Amerika Kaskazini. Kituo cha kuzalisha trauti cha Kiganjo, Nyeri, kilianzishwa mwaka 1948. Tusifiche jambo: aina zote mbili zimo katika orodha ya IUCN ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, kwa kuwa zikipelekwa ugenini hula na kuwabana viumbe wa hapo. Kumwachia mtoni unakovulia ni jambo moja, kumpandikiza mto mpya kwa ajili ya starehe ni jambo lingine kabisa.

Lakini mgeni huyu anatuambia kitu. Trauti hustawi kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 18 za Selsiasi, hutaabika yakipita 20, na yakikaribia 25 maisha yake yako hatarini. Sababu moja ni oksijeni. Usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba miligramu 11.3 za oksijeni. Kwenye nyuzi 25 hubeba 8.3 tu, na kadiri unavyopanda mlima kiasi hicho hupungua zaidi. Kata miti ya kando ya mto, jua lifike majini, chota maji mengi kwa ajili ya mashamba, na mto unapata joto. Trauti anaumwa kabla yetu kushtuka.

Wadudu nao ni mashahidi. Efemeroptera wengi na Trikoptera wengi hawavumilii uchafu, ndiyo maana watafiti hupima afya ya mito kwa kuwahesabu. Tanzania ina mfumo wake wa alama kwa kazi hiyo, TARISS. Mvuvi anayegeuza mawe kila Jumamosi anafanya, bila kujua, sehemu ya kazi ileile.

Je, samaki anaumia?

Hili haliwezi kurukwa. Mwaka 2003, Lynne Sneddon na wenzake walionyesha kwamba trauti wa upinde wa mvua ana vipokezi vya madhara kichwani, na kwamba akidungwa kitu kichomacho mdomoni tabia yake hubadilika. Bado kuna wanaobisha kama hisia hiyo ni maumivu kama yetu. Kwa maoni yangu, ushahidi unatosha kutufanya tuwe waangalifu. Basi ndoana isiwe na kinembe, pambano lisirefushwe, mikono iloweshwe kwanza ili ule ute unaomkinga samaki usitoke, na asitolewe majini bila sababu. Siku ya joto kali, weka ufito chini. Samaki aliyechoka kwenye maji yenye oksijeni kidogo anaweza kuondoka akiogelea na bado akafa baadaye. Na ukiwa na kibali cha kumchukua na una njaa, kumla si dhambi. Pengine ni uaminifu zaidi kuliko kumsumbua samaki huyohuyo kila wiki.

Kama huna ufito wala nauli ya kwenda Nyeri, anza na nusu ya raha ambayo ni bure. Nenda kwenye kijito kilicho karibu, geuza jiwe moja taratibu, hesabu aina za wadudu unaowaona, kisha lirudishe lilivyokuwa. Rudi mwezi ujao uhesabu tena. Ukikuta wamepungua, uliza nini kimebadilika huko juu.