Jumamosi saa tatu, kazi ni vifungo vya shati

Muulize mkazi wa Dar es Salaam kama ana muda wa kujitolea, atakutajia foleni. Anatoka Mbagala alfajiri, anarudi usiku. Jumamosi yuko na fundi kiwanjani. Ni kweli tupu. Lakini huyohuyo tangu Machi amehudhuria vikao vya harusi visivyopungua 10, wala hajalalamika. Mimi nilikuwa mhazini, kwa hiyo najua.

Nami nilikuwa bingwa wa visingizio, mpaka jirani yangu, mwalimu wa kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili katika shule moja ya msingi yenye bweni, aliponibana: "Kaka, sikuombi hela. Nipe Jumamosi, saa tatu hadi saa tano."

Nikapewa vifungo vya shati. Nilidhani nitamwonyesha mtoto mara mbili tatu, basi. Mwalimu akacheka. Unaanzia mwisho, akasema: wewe pitisha kifungo nusu tunduni, yeye amalizie kukivuta. Kazi inaishia mikononi mwake, naye anaona ameiweza. Akizoea, unamwachia na hatua iliyotangulia, kisha iliyo kabla ya hiyo, mpaka mkono wako ubaki hauna kazi. Kijana wangu, mwenye miaka 11, alichukua wiki 9 kukamilisha kifungo kimoja. Darasani wako zaidi ya 20 na walimu wawili. Nani atakaa na mmoja wao kwa ajili ya kifungo?

Ndiyo hesabu aliyoipiga Eunice Kennedy Shriver, ambaye dada yake Rosemary alikuwa na ulemavu wa akili. Juni 1962 alifungua kambi ya mchana ya watoto wenye ulemavu huo nyumbani kwake Maryland, Marekani, akawaita vijana wa sekondari na vyuo wawe wasaidizi, kila mtoto na mtu wake. Mbegu ya Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, ilipandwa pale. Michezo ya kwanza ikafanyika Soldier Field, Chicago, Julai 1968.

Wanaonikera ni wageni wa siku moja. Wanashuka kwenye Coaster na fulana za kufanana, wanakata keki, wanapiga picha na watoto wasioulizwa, wanaondoka. Sabuni wanazoleta zinahitajika, sikatai. Ila mtoto mwenye usonji aliyevurugiwa ratiba yake huweza kuhangaika hadi usiku, na anayekesha naye ni matroni. Afadhali anayekuja mara mbili kwa mwezi, siku ileile, saa ileile, kuliko anayekuja kila wiki kwa mwezi mmoja kisha akapotea.

Masharti ya kitengo si mengi: pita kwa mwalimu mkuu kwanza, usijifungie chumbani na mtoto peke yenu, simu ibaki mfukoni. Ukipata udhuru, toa taarifa mapema ili mtoto aambiwe.

Sharti hilo la mwisho nililivunja. Julai nilisafiri kikazi, nikakosa Jumamosi mbili bila kumwambia mtu. Niliporudi, matroni alinipokea kwa uso mkavu: kijana amekataa kufungwa shati tangu asubuhi. Nikachuchumaa, nikashika kifungo cha juu. Akausukuma mkono wangu. Akafunga mwenyewe, taratibu, kimoja baada ya kingine, vinne. Cha tano kilikuwa kimekatika. Akanitazama, akanionyesha tundu kwa kidole, nami nikaenda kuomba sindano na uzi.