Amortisere ya nyuma ya pikipiki: resori inaonekana nzima, kumbe imekufa

Kwa macho hakuna shida. Resori iko pale, rangi haijatoka, na motari anapakia abiria kama kawaida. Lakini kwa kila shimo pikipiki inadunda mara tatu, mara nne, na mama aliyekaa nyuma anashika kiti kwa mikono miwili. Wakaaji wa Goma, Butembo, Bunia na Bukavu wanaijua safari ya namna hiyo. Pikipiki ile haina tena amortisere, imebaki paka na resori.

Watu wengi wanafikiri amortisere ndiyo inabeba mzigo. Hapana, mzigo unabebwa na resori. Katikati ya resori kuna bomba lililofungwa, lenye mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Gurudumu likigonga jiwe, resori inabanwa, kisha inataka kurudi kwa nguvu kama mpira uliotupwa chini. Hapo pistoni inalazimisha mafuta yapite polepole kwenye matundu yale, na resori inarudi taratibu. Nguvu ya kudunda inageuka kuwa joto. Anayetoka kwenye njia mbaya na mzigo akigusa bomba lile ataona limepata moto.

Kwa hiyo mafuta yakiisha, resori inaendelea kubeba lakini hakuna wa kuizuia. Gurudumu linaruka badala ya kufuata njia, na tairi ikiwa hewani freni ya nyuma haishiki kitu. Kwenye njia tambarare hilo ni usumbufu tu. Kwenye miteremko ya Bukavu, mvua ikinyesha na watu wawili wako nyuma, ndiyo namna pikipiki inapita mbele ya mahali motari alitaka isimame. Hata kona inakuwa na hatari, juu ya tairi inagusa na kuacha, inagusa na kuacha.

Lawama huwa inaangukia vyombo: “vya siku hizi ni vya bandia.” Vya bandia vipo sokoni, ni kweli. Lakini hata amortisere nzuri haiwezi kudumu ikifanya kazi ambayo haikutengenezewa. Pikipiki nyingi zinazofanya taxi, za namna ya TVS na Boxer, kiwanda kinazihesabia mzigo wa karibu kilo 130 hadi 150, dereva akiwemo. Sasa motari wa kilo 70 akipakia abiria wawili wa kilo 60 kila mmoja, tayari ni kilo 190, na mfuko wa unga wa kilo 25 haujawekwa. Resori inabanwa karibu mpaka mwisho kabla ya safari kuanza, na nafasi ya kupokea shimo haipo. Kila pigo linafika chuma kwa chuma. Ufito wa pistoni unapinda kidogo tu, hata jicho halioni, na huo unatosha kukata spi, yaani kile kipete cha mpira kinachozuia mafuta yasitoke.

Vumbi nalo linasaidia kuua. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkeno, na lava ya Nyiragongo iliyoshuka mjini Januari 2002 ilipita hata katikati ya mji. Vumbi la mawe hayo ni kali, linakwaruza. Likishikana na mafuta kidogo kwenye ufito, linakuwa kama msasa: kila pikipiki inapopanda na kushuka, spi inasuguliwa.

Hata baiskeli za kupanda milima zinazouzwa bei kali Ulaya hazina dawa ya kudumu milele. Kwa amortisere nyingi za hewa za baiskeli hizo, kiwanda kinaomba sehemu ya hewa ifunguliwe, isafishwe na kupakwa mafuta kila baada ya saa 50 za kutembea. Ya pikipiki ni ya namna nyingine, lakini hesabu inafundisha kitu: motari anayefanya kazi saa 10 kwa siku anamaliza saa 50 kwa siku tano.

Kuna dawa moja ya garaji ambayo haiponyi. Chini ya resori nyingi kuna pete yenye ngazi, na motari akiona pikipiki imelala anaizungusha mpaka ngazi ya mwisho. Pikipiki inainuka, anafurahi. Lakini pete ile inainua tu, haiongezi ugumu wa resori wala haileti mafuta yaliyotoka. Kuweka resori kali zaidi kwenye bomba lililokufa ni vibaya kuliko, juu ya itadunda kwa nguvu zaidi. Na kubadilisha upande mmoja, ili kupunguza matumizi, kunafanya upande mpya ubebe kazi ya pande mbili huku gurudumu likivutwa vibaya. Zinunuliwe mbili pamoja.

Swali la kutengeneza linakuja kila mara. Amortisere za mbele zinafunguka, spi na mafuta vinabadilishwa, na fundi mzuri anazirudishia uzima. Nyingi za nyuma zimefungwa kiwandani zisifunguliwe. Anayezikata, akatia mafuta ya moteri na kusodea, anauza wiki chache. Afadhali kusema hivyo waziwazi kwa mteja.

Ugomvi wenyewe uko kwenye pesa. Pikipiki nyingi si za wanaoziendesha. Motari analipa mwenye pikipiki kila siku, anatengeneza madogo, na makubwa yanabaki kwa mwenyewe. Amortisere inaanguka katikati: motari anasema ni kubwa, mwenye pikipiki anasema pikipiki bado inatembea. Abiria ndiye anayelipa kwa mgongo wake. Wanaopatana mapema nani ataitoa wanajiepusha na kesi nyingi.

Kuijua iliyokufa hakuhitaji fundi. Pikipiki isimame bila mzigo, mtu akandamize kiti kwa mikono kwa nguvu, aachilie ghafula. Ikipanda mara moja na kutulia, mafuta bado yanafanya kazi. Ikicheza juu na chini mara mbili, tatu, yameisha. Kisha aangalie ufito: utando mwembamba wa mafuta si neno, lakini ukiloa na vumbi limeganda kama tope, spi imekatika. Ashike pia gurudumu la nyuma alitikise kushoto na kulia, maana vipira vya kwenye bulo za amortisere vikilika, nayo inagonga. Na kwa abiria, jaribio la kukandamiza kiti linachukua sekunde tano, kabla ya kupanda.