Haba na Haba ya Dawa Katika Maji

Dawa tunazomeza haziishii tumboni. Siprofloksasini, kwa mfano, karibu nusu yake hutoka na mkojo ikiwa bado ni dawa kamili. Huingia katika maji machafu, na huko hukutana na dawa nyingine. Je, zikichanganyika huleta madhara gani?

Wataalamu hupima jambo hili kwa kutumia bakteria. Mmoja wao ni Aliivibrio fischeri, kiumbe wa baharini anayetoa mwanga. Akidhurika, mwanga wake hufifia. Katika kipimo cha kawaida, bakteria hawa hutiwa katika maji yenye dawa, kwenye joto la nyuzi 15, na baada ya dakika 30 mwanga hupimwa. Kiasi cha dawa kinachopunguza mwanga kwa nusu huonyesha ukali wa dawa hiyo.

Lakini dakika 30 hazitoshi kwa dawa zote. Dawa za jamii ya kwinoloni, ambayo siprofloksasini ni mojawapo, huzuia bakteria kuzaliana. Madhara yake huchelewa kuonekana, hivyo hutumika kipimo cha saa 24.

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bremen, Ujerumani, walitoa matokeo ya kupima kwinoloni 10, moja moja na zote pamoja. Waliona kwamba nguvu zake hujumlishana. Tuseme dawa ya kwanza hupunguza mwanga kwa nusu ikiwa miligramu 10 katika lita, na ya pili miligramu 20. Ukichanganya 5 za kwanza na 10 za pili, mwanga utapungua kwa nusu vilevile. Hata viasi vidogo, ambavyo kimoja kimoja havionyeshi dhara, vikikutana hudhuru. Haba na haba hujaza kibaba. Dawa zinazofanya kazi kwa njia tofauti hukadiriwa kwa hesabu nyingine.

Yatuhusu nini? Wako bakteria wema wanaoozesha uchafu na kurutubisha udongo. Wakidhoofika, maji machafu hayasafiki vema. Na bakteria wabaya wanaosalia huweza kuzoea dawa. Kesho mtoto akiugua, dawa ile haimponyi.

Basi, yafaa tuzingatie haya:

1. Usitumie viuavijasumu bila kuandikiwa na mganga.

2. Ukiandikiwa, maliza dozi yote.

3. Dawa zilizobaki au zilizopitwa na muda usizitupe chooni wala mtoni. Uliza zahanati au duka la dawa namna ya kuziteketeza kwa usalama.