Si Uvivu, Mama: Kuipanga Siku Unapokuwa na ADHD

Je, unamfahamu mama wa namna hii? Amebandika maharage jikoni. Wakati yanachemka anakwenda chumbani kuchukua kitambaa cha kufutia meza. Huko anaona shati la mume wake limekatika kifungo, anatafuta sindano, droo ya sindano imejaa karatasi, anaanza kupanga karatasi, anakuta risiti ya ada, anakumbuka kwamba tangu Jumatatu alitakiwa kumpigia simu mwalimu wa mtoto. Mara anashtuliwa na harufu. Maharage yameungua, kifungo hakijashonwa, meza haijafutwa na mwalimu hajapigiwa. Kutwa nzima hakukaa chini, na jioni hana kazi ya kuonyesha.

Majirani watamwita mzembe. Mawifi watasema hakufundwa. Yeye mwenyewe, akiwa peke yake, hujiita majina mabaya zaidi ya hayo.

Kila mmoja wetu hupatwa na siku kama hiyo, hasa kukiwa na mtoto mchanga au mgonjwa ndani ya nyumba. Lakini wapo wanawake ambao siku zao zote zimekuwa hivyo tangu wakiwa wasichana wa shule ya msingi. Kwa baadhi yao sababu ni hali ambayo madaktari huiita kwa herufi nne, ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoambatana na kutotulia.

Hali hii si mpya. Mwaka 1902 daktari wa watoto, George Still, alitoa mihadhara jijini London kuhusu watoto walioshindwa kutulia na kujizuia ingawa akili zao zilikuwa nzuri. Jina la ADHD lenyewe lilianza kutumiwa na madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1987. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni jambo la wavulana, kwa sababu mvulana asiyetulia hupanda juu ya dawati na kila mtu humwona. Msichana aghalabu hukaa kimya karibu na dirisha, mawazo yako mbali. Mwalimu huandika kwenye ripoti, "Ana uwezo, aongeze bidii," na shauri huishia hapo. Ndiyo maana wanawake wengi hutambua hali yao wakiwa watu wazima, mara nyingine siku waliyompeleka mtoto wao hospitali. Daktari anauliza maswali kuhusu mtoto, na mama anasikia habari zake mwenyewe. Hilo lisitushangaze, kwani ADHD hurithiwa kwa kiasi kikubwa.

Kwa hiyo haitokani na malezi mabaya. Na anayemwambia mama huyu kwamba haombi vya kutosha anamwongezea mzigo tu.

Saa isiyoonekana

Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeichunguza hali hii kwa miaka mingi, ameeleza kwamba mtu mwenye ADHD hakosi kujua la kufanya. Anachoshindwa ni kulitenda lile analolijua, kwa wakati wake. Muda kwake haupimiki kichwani. Kuna sasa, na kuna baadaye, na hiyo baadaye haina umbo mpaka imfikie mlangoni.

Ukilielewa hilo, utaona kwamba shauri la "jitahidi kukumbuka" halisaidii. Ni sawa na kumwambia mwenye macho hafifu akaze macho badala ya kumpa miwani. Miwani ya mama huyu ni kuutoa muda kichwani na kuuweka mahali unapoonekana na kusikika.

Anza na saa ya ukutani yenye mishale, itundikwe jikoni. Simu pia ina saa, lakini ukiishika kutazama saa utakuta ujumbe, na ukitoka kwenye ujumbe nusu saa imekwisha.

Kisha jifunze kuhesabu kurudi nyuma. Tuseme kikao cha kikundi ni saa 10 alasiri na kufika huko ni mwendo wa dakika 20. Kuvaa ni dakika 15, kumwogesha mtoto dakika 15, kuacha kazi uliyokuwa nayo na kufunga nyumba dakika 10. Basi kengele ya simu ilie saa 9 kamili. Wengi wetu hutega kengele ya saa ya kikao, wakati wa kuondoka umekwisha kupita. Tega ya kuanza kujiandaa, na nyingine ya kutia mguu nje ya mlango.

Wala usikisie muda wa kazi. Kwa wiki moja, pima. Utashangaa kuona vyombo ulivyoviogopa tangu asubuhi vinaoshwa kwa dakika 15, na "kupita sokoni mara moja" ni saa nzima na nusu.

Kuhusu jiko, hapo hapana mzaha, kwa maana panaweza kuungua zaidi ya maharage. Chungu kikiwa motoni, usitoke jikoni mikono mitupu. Toka na mwiko. Ukijikuta chumbani umeshika mwiko, utajua unatakiwa wapi. Na dawa ya mtoto iandikiwe kikaratasi ukutani, kila dozi itiwe alama palepale anapomeza, asije akapewa mara mbili.

Daftari, msumari na jirani

Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku nayo ni hivyo hivyo. Daftari liwe moja tu, likae mahali pamoja. Funguo zipate msumari wao karibu na mlango. Vitu vya kila siku viwekwe kwenye kapu lililo wazi, maana kilichofungiwa sandukuni, kwa mama huyu, ni kama hakipo.

Kufua si kazi moja. Ni kukusanya, kuloweka, kufua, kusuuza, kuanika, kuanua, kukunja na kupanga kabatini. Tazama unakwama wapi. Wengi hukwama kwenye kukunja, nguo zikalala kitini siku nne. Hatua hiyo moja wape watoto. Hata wa miaka saba anaweza kukunja zake.

Tena, watu wengi wenye ADHD wamegundua kwamba kazi iliyowashinda wakiwa peke yao huenda vizuri mtu mwingine akiwapo, hata kama hagusi kitu. Bibi zetu walipukuchua mahindi na kuchambua mchele wakiwa wamekaa pamoja. Mwite jirani aje na mchele wake.

Mume naye asigeuke askari. "Nimekuambia mara ngapi" haijapata kumkumbusha mtu chochote. Afadhali wagawane kazi kwa uwezo. Kama yeye ni mwepesi wa kukumbuka ada na umeme, azichukue hizo.

Lakini usijipime mwenyewe ukatosheka. Upungufu wa damu, tezi ya shingo, kukosa usingizi na sonona baada ya kujifungua huweza kuleta usahaulifu wa namna hiihii, na kila kimoja kina tiba yake. Hakuna kipimo cha damu cha ADHD. Daktari wa afya ya akili huuliza na kusikiliza, na tangu 2013 mwongozo wa Marekani unataka baadhi ya dalili ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Dawa zipo, nazo hutolewa kwa cheti cha daktari. Kama una mimba au unanyonyesha, mwambie kwanza. Huduma za afya ya akili zipo Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe huko Dodoma, na Mathari jijini Nairobi. Ukienda, chukua ripoti zako za shule ya msingi kama bado zipo. Kama zimepotea, mwulize mama yako au shangazi ulikuwa mtoto wa namna gani, uyaandike kwenye lile daftari kabla hujaondoka.