Pointi 3.8: Hesabu za Kufika Uzamivu wa Kompyuta Ukitokea Tanga

Mzazi wa Tanga ambaye mwanawe amemaliza kidato cha sita na anataka sayansi ya kompyuta huuliza kwanza ada. Jibu lake ni jepesi: shahada ya kwanza ya sayansi katika chuo kikuu cha umma huwa kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Lakini kama kijana anataka kuwa mtafiti, yaani afike uzamivu, kuna namba nyingine yenye uzito zaidi kuliko ada. Namba hiyo ni 3.8.

Hiyo ndiyo GPA ya chini, kati ya 5, ambayo vyuo vikuu vya umma hudai kwa anayeomba nafasi ya mkufunzi msaidizi. Ngazi ya juu yake, mhadhiri msaidizi, hudai 3.8 hiyo hiyo pamoja na 4.0 ya uzamili. Mkufunzi msaidizi analipwa mshahara, na anatarajiwa aendelee kusoma. Hapa nyumbani sijui njia ya utafiti iliyo salama kuliko hii kwa mtoto wa familia ya kawaida. Mwenye 3.7 ataajiriwa vizuri tu benki au kampuni ya simu, ila mlango huu umefungwa kwake, hata akirudi baadaye na uzamili wa kung'ara.

Tazama sasa 3.8 inavyoponyoka. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, na kila krediti ni saa 10 za kusoma. Somo la krediti 12 ni theluthi moja ya sehemu ya kumi ya shahada nzima. Ukipata B (pointi 3) pale ulipoweza kupata B+ (pointi 4) katika masomo matatu ya aina hiyo, 0.1 imekwenda. Masomo matatu! Nayo ni rahisi kuyapoteza mwaka wa kwanza, wakati kijana anapambana na kalkulasi huku akihangaikia chumba Dar es Salaam, kilomita kama 350 kutoka kwao. Ndiyo maana nawasihi wazazi: kama kuna akiba yoyote, itumike mwaka huo wa kwanza, kwenye chumba cha karibu na chuo, kompyuta mpakato na chakula.

Deni la mkopo wa shahada ya kwanza linabebeka. Fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, bumu kama wanafunzi wanavyoliita, ilipanda mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Semista mbili za wiki 17 ni siku 238, sawa na shilingi 2,380,000. Ongeza ada ya 1,300,000, kwa mfano, na mkopo wa miaka mitatu unafika shilingi 11,040,000 kwa aliyekopeshwa vyote. Makato ni asilimia 15 ya mshahara. Anayepata milioni moja atakatwa 150,000 kwa mwezi, na atamaliza kwa miaka sita na kidogo.

Kinachoumiza familia ni uzamili wa kujilipia ng'ambo. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada, na wengi huishia kwenye habari hiyo tu. Ila ili kupata viza, mwanafunzi huonyesha euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka mmoja. Kwa shilingi 2,800 kwa euro, hizo ni zaidi ya milioni 33, mara tatu ya deni lote la shahada ya kwanza. Shamba la michungwa la Muheza lisiuzwe kwa ajili hiyo. AIMS, taasisi ya hisabati iliyofungua kituo Bagamoyo mwaka 2014 na ambayo ina kituo Kigali, hufadhili uzamili kikamilifu. Uzamivu wa Ujerumani mara nyingi ni ajira yenye mshahara. Marekani huweza kumpokea mtu kwenye uzamivu moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, na idara za kompyuta kwa kawaida humsamehe ada na kumpa posho.

Wanaotoa fedha hizo huangalia hisabati na ushahidi kwamba mwombaji ameshawahi kutafiti. Huo wa pili unaweza kuanzia huku kwetu Tanga. Amani imekuwa na kituo cha utafiti tangu mwaka 1902, wakati wa Wajerumani, na Mlingano imeutafiti mkonge kwa miongo mingi. Watafiti wa Makerere walijijengea jina kwa kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za simu, na muhogo umejaa Handeni na Mkinga. Mradi wa mwaka wa mwisho ukifanywa juu ya majani hayo, au ya mkonge, utasomwa kwa makini kuliko mfumo mwingine wa kusajili wanafunzi.

Imebaki gharama ambayo wengi hawaitarajii: kuomba. Vyuo vingi vya Marekani hutoza kati ya dola 75 na 125 kwa ombi moja. Vyuo sita kwa dola 100 ni dola 600, na kwa shilingi 2,600 kwa dola hizo ni 1,560,000, kubwa kuliko ada ya mwaka mzima ya mfano wetu. Baadhi husamehe anayeomba msamaha. Madirisha mengi hufungwa katikati ya Desemba, kwa hiyo barua ya kuomba msamaha huo iandikwe Oktoba.