Michoro ya Kolo: ni ndoto ya nani? (Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi André Breton, katika ilani ya usurrealisti aliyoitoa Paris mwaka 1924, alivyotaka akili ilegeze kamba ili ndoto ipate kusema. Leo tupande kilima cha Mungumi wa Kolo, wilayani Kondoa, ambako wapo wanaodai kwamba usurrealisti ulianza zamani sana kabla ya Breton.

Dai hilo halikutoka hewani. Watu waliochorwa kwa rangi nyekundu kwenye miamba hii wana miili mirefu, myembamba kama mabua, na vichwa vya ajabu. Katika mchoro unaojulikana zaidi, ambao mwanaakiolojia Mary Leakey aliunakili mwaka 1951, wapo watu watano: wa katikati ameshikwa na wawili huku, wawili kule. Leakey alidhani ni mwanamke anayetekwa. David Lewis-Williams, mtaalamu wa michoro ya Wasani wa kusini mwa Afrika, aliona ngoma ya uganga: mchezaji amepandwa, fahamu zinamtoka, wenzake wanamshikilia. Aliyefika hali hiyo huweza kuhisi mwili wake ukirefuka. Hata leo Wasandawe, majirani wa upande wa kusini-magharibi, wanajulikana kwa simbo, ngoma ambamo mchezaji huaminika kugeuka simba.

Tafsiri hiyo ikikubalika, Kolo na Paris zinaachana. Mwaka 1953 msurrealisti René Magritte alichora wanaume wenye makoti na kofia wakielea angani kama matone ya mvua, naye alikusudia mtazamaji akose jibu. Mchoraji wa Kolo hakuwa na haja ya kumtega mtu. Waliocheza naye ngoma walijua alichochora. Fumbo tumeachiwa sisi, kwa kuwa wenye kulifumbua walishaondoka. Wasurrealisti, wakimfuata Freud, walichimba ndoto ya mtu mmoja mmoja. Ndoto ya Kolo ilikuwa ya jamii nzima, na ilikuwa na kazi.

Kazi hiyo haijakoma. Wenyeji bado hufanya matambiko ya mvua na uganga kwenye miamba hii, na UNESCO ilipoiingiza Kondoa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006 ilizithamini mila hizo pamoja na michoro. Kwa hiyo anayefika Kolo asiulize tu mchoro una maana gani. Aulize pia ulitumikaje.

Wiki ijayo: michoro myeupe iliyokuja baada ya myekundu.