Vidakuzi na Kuingia Tovutini Bila Nywila: Faragha ya Mtumiaji wa Tarakilishi

Utangulizi

Miongoni mwa istilahi ambazo teknolojia ya mawasiliano imeiletea lugha ya Kiswahili, ni chache zinazobeba tahadhari katika umbo lake kama neno kidakuzi. Yeyote anayejua kuwa kudakua ni kutoa siri za watu, na kuwa mdakuzi ni mmbeya, hawezi kulisikia neno hili asishuku. Kiambishi ki- kinamfanya mdakuzi huyo kuwa mdogo, lakini hakimwondolei tabia yake. Kiingereza kwa upande wake hukiita kitu hichohicho kwa jina la biskuti, jina tamu lisilomtisha mtu. Je, kati ya majina haya mawili, ni lipi linaloeleza ukweli?

Makala haya yananuia kujibu swali hilo kwa kueleza kidakuzi ni nini, kinavyomwezesha mtumiaji kuingia tovutini bila kuandika nywila upya, na namna ya kukisimamia. Hoja kuu ni kwamba tarakilishi haimtambui mtu, bali hutambua kibali. Kwa hivyo, anayetaka kulinda faragha yake hana budi kujua vibali vyake amevipa nani na amevisahau wapi. Suala hili linamhusu kwa karibu mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye aghalabu hutumia tarakilishi za maktaba, za maabara ya chuo na za saiba, ambazo saa moja baadaye hukaliwa na mtu mwingine asiyemjua.

Chimbuko la kidakuzi

Mfumo wa wavuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN kuanzia mwaka wa 1989. Itifaki inayouendesha, yaani HTTP, haina kumbukumbu. Kila ombi linaloifikia seva huwa kama ombi la mgeni. Ni kama muuza duka anayemsahau mteja pindi anapogeuka kuchukua kopo rafuni. Ukimwomba sukari, atakupa. Ukimwomba majani ya chai, atakuuliza wewe ni nani.

Hali hii haikuleta taabu wakati kurasa zilikuwa za kusomwa tu. Taabu ilianza watu walipotaka kufanya biashara mtandaoni, kwani haiwezekani kuuza bidhaa tatu kwa mteja anayesahaulika baada ya kila moja. Mnamo mwaka wa 1994, Lou Montulli, mhandisi wa programu katika kampuni ya Netscape, alibuni suluhisho. Seva ingekipa kivinjari maandishi mafupi ya kuhifadhi, na kila mara kivinjari kinaporudi kwenye seva hiyo, kingeyaonyesha maandishi hayo. Maandishi hayo ndiyo kidakuzi.

Ni muhimu kusisitiza kwamba kidakuzi si programu. Hakitekelezi lolote chenyewe, wala si kirusi. Ni mfano wa kile kipande cha namba anachopewa mtu anapoacha mzigo wake mahali pa kuhifadhia. Mhudumu hana haja ya kuikumbuka sura ya mwenye mzigo, kwa kuwa kipande kinatosha. Hapo ndipo penye manufaa ya kidakuzi, na hapo hapo ndipo penye hatari yake.

Kidakuzi kama ufunguo

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayefungua barua pepe yake. Anaandika jina na nywila, na seva inathibitisha kuwa ni sahihi. Kuanzia hapo nywila haitumiki tena. Seva hutunga msururu mrefu wa herufi na tarakimu usioweza kubahatishwa, ikaukabidhi kwa kivinjari kama kidakuzi. Kila ukurasa unaofuata hufunguliwa kwa sababu kivinjari kimeuonyesha msururu huo.

Vidakuzi vya namna hii ni vya aina mbili. Kuna kidakuzi cha kikao, ambacho hakina tarehe ya kuisha na kinakusudiwa kufutika kivinjari kinapofungwa. Kuna pia kidakuzi cha kudumu, chenye tarehe yake ya mwisho. Mtumiaji anapoweka alama kwenye kijisanduku cha “Nikumbuke”, aghalabu anaomba kupewa kidakuzi cha kudumu. Kidakuzi hicho kinaweza kuishi kwa wiki au miezi. Tangu mwaka wa 2022 kivinjari cha Chrome kimeweka kikomo cha siku 400. Aidha, si busara kuamini kwamba kufunga kivinjari kunatosha. Kivinjari kilichopangwa kuendelea pale kilipoachiwa huweza kuvirejesha hata vidakuzi vya kikao, na mtu anayekaa kitini baadaye akazikuta akaunti za mwenzake zi wazi.

Kutokana na maelezo haya, ni dhahiri kwamba anayekishika kidakuzi ndiye mwenye akaunti machoni pa seva. Ukweli huu ulidhihirika Oktoba 2010, Eric Butler alipotoa programu-jalizi ya kivinjari cha Firefox iliyoitwa Firesheep. Wakati huo tovuti nyingi zilisimba nywila pekee, kisha zikaviacha vidakuzi visafiri wazi. Mtu aliyeketi kwenye mkahawa wenye mtandao wa wazi wa Wi-Fi aliweza kuvinasa vidakuzi vya walioketi karibu naye na kuingia katika akaunti zao bila kujua nywila hata moja. Lengo la Butler lilikuwa kuzishurutisha kampuni zisimbe mawasiliano yote, na katika miaka iliyofuata tovuti kubwa zilifanya hivyo kwa kuhamia HTTPS.

Hata hivyo, mlango huo ulipozibwa, wezi walitafuta mwingine. Mnamo Machi 2023 chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips, iliyokuwa na wafuasi zaidi ya milioni 15, ilitekwa baada ya mfanyakazi kufungua faili iliyojifanya pendekezo la udhamini. Programu hasidi iliyofichwa humo ilivinakili vidakuzi vya kivinjari chake na kuvituma kwa wezi. Nywila ndefu haikufaa kitu, wala uthibitisho wa hatua mbili, kwa kuwa hatua hizo huulizwa mlangoni, ilhali kidakuzi ni cha mtu aliyekwisha kuingia ndani. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Kidakuzi kama mdaku

Kufikia hapa tumezungumzia kidakuzi kinachotolewa na tovuti ambayo mtumiaji ameitembelea kwa hiari. Kuna kingine kinachotolewa na mtu wa tatu. Ukurasa mmoja wa gazeti huweza kuwa na picha za matangazo zinazotoka kwenye seva ya kampuni nyingine kabisa. Kivinjari kinapoziomba picha hizo, kampuni hiyo nayo hupata nafasi ya kuweka kidakuzi chake. Msomaji akihamia tovuti ya michezo, kisha ya dawa, kisha ya mikopo, na zote zikabeba matangazo ya kampuni hiyohiyo, kidakuzi kile kile kitaonyeshwa kila mara. Kampuni itajua kwamba aliyesoma habari za soka ndiye aliyetafuta dawa ya maradhi fulani na ndiye anayehitaji fedha. Huenda isilijue jina lake, lakini inaijua njia yake. Hapa ndipo neno la Kiswahili linapolishinda la Kiingereza kwa ukweli.

Vivinjari vimelishughulikia suala hili kwa namna tofauti. Safari ya kampuni ya Apple ilianza kuvizuia vidakuzi vyote vya watu wa tatu Machi 2020. Mnamo 2022 Firefox iliifanya kuwa kawaida kwa kila tovuti kutengewa chungu chake, hivi kwamba kidakuzi kilichowekwa katika tovuti moja hakisomeki katika nyingine. Google ilitangaza Januari 2020 kuwa ingeviondoa katika Chrome, ikaahirisha mara kadhaa, na Julai 2024 ikauacha mpango huo. Kwa hivyo, mtumiaji wa Chrome asisubiri kufanyiwa. Sharti aingie mwenyewe katika mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, na kuchagua kuzuia vidakuzi vya watu wa tatu. Kwa jumla tovuti huendelea kufanya kazi vyema baada ya hatua hiyo.

Namna ya kujilinda

Hatua za kuchukua hutegemea tarakilishi ni ya nani. Kwenye tarakilishi ya umma, kanuni ni kutoacha kibali chochote nyuma.

Kwanza, mtumiaji afungue dirisha la faragha: Ctrl, Shift na N katika Chrome na Edge, au Ctrl, Shift na P katika Firefox. Vidakuzi vya madirisha haya hufutwa madirisha yote ya faragha yanapofungwa. Ieleweke, hata hivyo, kuwa dirisha hili halimfichi mtumiaji kwa msimamizi wa mtandao wala kwa tovuti anazozitembelea.

Pili, asiweke alama kwenye “Nikumbuke”, na akatae kivinjari kinapoomba kuhifadhi nywila. Nywila iliyohifadhiwa si kidakuzi na haiondoki vidakuzi vinapofutwa. Huhifadhiwa mahali pake na sharti ifutwe huko.

Tatu, asikiingize kivinjari chenyewe katika akaunti yake. Anayefanya hivyo na kuruhusu usawazishaji huweza kuzivuta nywila zake zote, alamisho zake na historia yake kutoka nyumbani hadi kwenye tarakilishi ya saiba.

Nne, abonyeze kitufe cha kuondoka kabla ya kuinuka. Kuna tofauti kubwa kati ya kuondoka na kufuta kidakuzi. Anayefuta hutupa nakala yake ya ufunguo tu. Katika tovuti iliyoundwa vyema, anayeondoka huiambia seva ibadilishe kufuli, na nakala yoyote iliyoko kwingine hukosa kazi. Baada ya kuondoka, ndipo afute data ya kuvinjari kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Delete.

Tano, akigundua akiwa njiani kwamba amesahau, jambo halijaharibika. Huduma nyingi kubwa zina ukurasa wa usalama unaoorodhesha vifaa vilivyo ndani ya akaunti. Kwa kutumia simu yake, anaweza kukiondoa kifaa cha mbali kisha akabadilisha nywila. Vivyo hivyo kwa WhatsApp iliyofunguliwa katika kivinjari: simuni mna orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na kila kimoja huweza kuondolewa humo.

Kwenye tarakilishi au simu ya mtu binafsi, kanuni ni nyingine. Hapa kidakuzi cha kuingilia ni msaidizi, na kukifuta kila siku ni kujitaabisha. Tena, anayelazimika kuandika nywila mara kumi kwa siku hushawishika kuchagua iliyo fupi na dhaifu. Inafaa zaidi kukifunga kifaa chenyewe kwa namba ya siri, kuzuia vidakuzi vya watu wa tatu, kuepuka faili za watu asiowajua, na kuondoka katika akaunti nyeti, kama vile za benki, kila shughuli inapokamilika.

Sheria yasemaje?

Faragha si suala la ufundi pekee. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutotakiwa kutoa bila sababu habari zinazohusu familia au mambo yake ya kibinafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 iliendeleza haki hiyo. Inampa mtu haki ya kuarifiwa jinsi data yake itakavyotumiwa, kuiona, kupinga matumizi yake na kuomba data ya uongo irekebishwe au ifutwe. Anayehisi kudhulumiwa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Yale mabango yanayomwomba mtumiaji avikubali vidakuzi yana asili yake katika sheria za Umoja wa Ulaya. Tarehe 1 Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua katika kesi ya Planet49 kwamba kijisanduku kilichotiwa alama tayari si idhini. Idhini ni tendo la mwenye kuidhinisha. Msomaji basi asibonyeze “Kubali yote” kwa kuwa tu kitufe hicho kina rangi ya kuvutia. Atazame pia kile cha kukataa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kubainisha kwamba kidakuzi kina sura mbili. Kwa upande mmoja ni kumbukumbu ya mfumo usiokumbuka, na bila hicho barua pepe na mifumo ya usajili ya vyuo vyetu isingekuwa rahisi kutumika. Kwa upande mwingine ni ufunguo usiouliza unashikwa na nani, na mikononi mwa mtu wa tatu ni mdaku anayemfuata msomaji mlango hadi mlango. Kuvikataa vyote ni kujinyima na kuvipokea vyote ni kujianika. Inapasa kuvipambanua.

Jukumu hili ni la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili pia. Maelezo ya faragha katika tovuti nyingi yameandikwa kwa lugha za kigeni na kwa mtindo wa kisheria unaomchosha hata anayezijua lugha hizo. Mtu hawezi kutoa idhini ya kweli kwa jambo asilolielewa. Kila istilahi ya Kiswahili inayofafanuliwa na kuzoeleka, kuanzia kidakuzi, kikao, nywila hadi idhini, inampa mzungumzaji wa lugha hii uwezo zaidi wa kujua anakubali nini na anakataa nini.